"Inaingia, Boss" Si Jibu

Wasee, kuna kitu kimenichosha kwenye hizi video za kufufua magari makuukuu, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi pia nakula kupitia video hizo hizo. Mnaijua stori. Gari linaletwa limekufa, nyasi zimeota hadi kwenye boneti. Muziki unaingia. Dakika nane baadaye limepigwa rangi ya kijani ya jeshi, limefungwa taa kama za disko, mwenye gari anakanyaga mafuta mbele ya kamera na sisi sote tunashangilia. Hakuna mtu anauliza huko chini kuna nini. Giaboksi imetoka gari gani? Difu ya mbele na ya nyuma zinaelewana? Kuna mtu alihesabu?

Msimamo wangu ni huu: ukipata pikapu kuukuu ya kazi ngumu, usinunue hata nati moja kabla hujajua kwa hakika ni vyuma gani viko kati ya injini na matairi. Si kwa kuambiwa. Kwa kukwangua tope, kusoma namba na kuhesabu. Najua haivutii. Nani atakaa aangalie video ya mtu amelala chini ya gari na chaki mkononi? Lakini hapo ndipo pesa za watu zinapotelea, na mfano nitakaowapa nimeulalia mgongo wangu mwenyewe kwenye tope.

Nazungumzia Land Rover 109, Series III, ile ya pikapu. Hiyo 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hivyo hata ile changa kabisa inaweza kuwa rika moja na mzazi wako. Hapa kwetu kulikuwa hadi na kiwanda cha kuziunganisha, Thika, enzi hizo kikiitwa Leyland Kenya, leo KVM. Ukienda Maralal au Bomet utazikuta bado ziko kazini, zimebeba watu, mbuzi, viazi na godoro juu, na hakuna mtu huko anayeziita za maonyesho. Halafu Mei 2024 zikajazana Nakuru kwa tamasha lao, Oktoba mwaka huo huo Arusha wakajibu kwa lao, na ghafla kila mtu mjini anataka moja.

Sawa, mimi pia ninaipenda. Bodi yake nyingi ni alumini kwa hivyo haili kutu kama chesisi. (Ndiyo maana watu wa skrapu wanaipenda kuliko sisi. Huenda ugali wako wa jana ulipikiwa kwenye mlango wa Land Rover.) Na kwa hii sheria yetu ya kutoingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, tusidanganyane kwamba tutaagiza zingine. Zilizoko ndizo hizo.

Shida ni kwamba gari la miaka 40 na zaidi limepita mikono mingi. Huyu alitoa giaboksi, yule akaweka difu, mwingine akachomelea. Logibuku inajua namba ya chesisi na ya injini. Haijui difu. Haijui transfa. Kwa hivyo unaweza kuwa na karatasi zote za Series III na chini ukawa na mchanganyiko ambao hakuna kiwanda duniani kiliwahi kuutengeneza.

Sasa nije kwa shosho.

Beshte yangu ana shosho Kinangop, na shosho ana 109 iliyonunuliwa na marehemu guka. Si pambo. Inatoa viazi na kabichi shambani hadi kwenye lami, na kama umewahi kufika Kinangop wakati wa mvua unajua hiyo si safari ya Probox. Kwa miaka sita, kila msimu wa mvua, hiyo gari ilikuwa inavunjika. Krosi ya propela ya mbele mara mbili. Hafu shafti. Beringi. Mwishowe transfa ikaanza kulia. Kila mara fundi anaitwa, anabadilisha kilichovunjika, analipwa, gari linatembea vizuri kabisa kiangazi chote, mvua inarudi, linavunjika tena. Shosho anaweka risiti zote kwenye kopo la Kimbo. Tulizijumlisha usiku mmoja tukiwa kwenye moto: zilipita laki moja na elfu themanini, na hapo hatujahesabu viazi vilivyoozea shambani.

Familia ikaanza kuiita gari ya mkosi. Mjomba mmoja akasema iuzwe kwa watu wa vyuma, kwa kilo. Mwingine, huyu wa kisasa, akasema tung'oe injini tuweke ya Toyota dizeli, mambo yaishe. Shosho akawajibu, "Hii gari ilisomesha mama yenu na nyinyi mnataka kuipima kwa kilo." Halafu akatugeukia sisi: "Nyinyi vijana wa simu, mkishindwa mniambie mapema, nijue mvua ya Machi nitabeba viazi na nini."

Kwa hivyo tulienda na mzee mmoja wa Kariobangi, fundi aliyestaafu, wa zile siku ambazo hizi gari zilikuwa za polisi na misitu. Nilitegemea afungue boneti. Hakufungua chochote. Aliuliza, "Kijana, mko na chaki?"

Alichofanya nitakieleza polepole kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kukifanya, na hakigharimu kitu.

Kwanza alitafuta mawe makubwa akazuia magurudumu, mbele na nyuma. Na hapa msikie vizuri, kwa sababu hii inaweza kukuua: kwenye hizi Land Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, hapo nyuma ya transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono haikusaidii tena, kwa sababu difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke na gari liende zake. Mawe, wasee. Na hauingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kisha akainua gurudumu moja la nyuma, lile lingine likabaki chini. Gia katikati, breki ya mkono imeachiliwa ili propela iwe huru. Akachora alama ya chaki kwenye tairi, nyingine kwenye propela. Akaniambia nizungushe tairi raundi mbili kamili huku yeye akihesabu propela. Ilizunguka mara nne na zaidi ya nusu, karibu robo tatu. Akasema, "Nne nukta saba. Hiyo ni yake."

Kwa nini raundi mbili? Kwa sababu upande mmoja umesimama. Difu ya kawaida ikizuiwa upande mmoja, gurudumu lililo huru linazunguka mara mbili ndipo kraunwili izunguke mara moja. Kwa hivyo raundi mbili za tairi zinakupa reshio yenyewe bila kufungua boliti hata moja. Kwenye 109 kraunwili ina meno 47 na pinioni ina 10. Gawanya: 4.7.

Tukaenda mbele. Mawe tena, jeki tena, chaki tena. Ukiwa na zile habu za kufungua na kufunga hakikisha umezifunga, la sivyo utazungusha tairi na propela isikujali. Raundi mbili. Propela ikazunguka mara tatu na nusu.

Mzee akasema, "Rudia." Nikarudia. Tatu na nusu. "Rudia." Tatu na nusu. Akakaa chini kwenye jiwe, akacheka kidogo, akasema, "Hii gari haina mkosi. Hii gari ina miguu miwili ya watu wawili."

Difu ya mbele ilikuwa 3.54, reshio ya Range Rover za zamani na Discovery za kwanza. Hizo gari nyingine zote ni za familia moja, na hiyo difu inakaa kwenye ekseli ya mbele ya Series bila kulazimishwa. Boliti zinafika. Hafu shafti zinaingia, kwa sababu za zamani zote zina mikato 10 kwenye ncha. Hakuna kitu kitakuambia umekosea. Na kuna watu huiweka makusudi, mbele na nyuma, ili gari likimbie zaidi kwenye lami. Hao wanajua wanachofanya. Kuiweka mbele peke yake ni kitu kingine kabisa.

Fikiria. Land Rover hizi hazina difu ya katikati. Ukibonyeza kile kifundo cha njano, au ukivuta wenzo mwekundu kuingia gia ndogo, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawa. Kama difu zina reshio tofauti, magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 100, ya mbele yanalazimishwa karibu mara 133. Ni kama kufunga watu wawili kwenye mkokoteni mmoja, mmoja anatembea na mwingine anakimbia, halafu unauliza kwa nini kamba inakatika. Kwenye tope laini magurudumu yanateleza na kusamehe kidogo. Ukifika pahali pagumu, mawe au kamlima kakavu, hakuna kuteleza. Lazima kitu kivunjike. Leo ni krosi, kesho hafu shafti, kesho kutwa ni transfa.

Na kiangazi je? Kiangazi unaendesha kwa magurudumu ya nyuma pekee. Ya mbele yanazunguka tu, hayana habari na mtu. Ndiyo maana gari lilikuwa zima miezi minane kwa mwaka na kuugua kila mvua. Siyo uchawi. Kwa miaka sita kila mtu alibadilisha kilichovunjika na hakuna aliyeuliza nani anakivunja.

Hapo ndipo nakuja kwa kichwa cha maneno yangu. Tulitafuta risiti ya difu kwenye kopo la Kimbo tukaipata. Duka silitaji. Imeandikwa kwa mkono: "Difu L/Rover, mbele." Na ukitaka kuwa mkweli, hakuna uongo hapo. Ni difu. Ni ya Land Rover. Ni ya mbele. Naweza kusikia hiyo mazungumzo yote: "Hii ni ya Land Rover?" "Ndio boss." "Itaingia?" "Inaingia, boss." Na kweli iliingia.

Tukienda kununua spea tunauliza swali moja tu, itaingia, na muuzaji anatujibu hilo hilo tuliouliza. Kuingia ni suala la boliti. Kufaa ni suala la meno, na meno hayaonekani ukiwa kaunta. Nimesikia watu wakilaumu mafundi kwamba wote ni wakora. Mimi siko hapo. Fundi wa mtaani analipwa kwa kufungua na kufunga. Akikaa masaa mawili akichunguza gari lako halafu akuambie "shida ni hii," bila kubadilisha kitu, utamlipa? Utamwambia, "Kwani umefanya nini?" Tumewazoesha sisi wenyewe kwamba jicho ni bure na spea ndiyo kazi, sasa tunashangaa wakituuzia spea. Mzee alitutoza elfu mbili na chai. Kuna mtu wa familia alinong'ona kwamba ni pesa nyingi kwa kuzungusha tairi. Laki moja na elfu themanini ilikuwa imekaa hapo mezani kwenye kopo!

Sasa nyinyi watu wa swapu, nawaona. Mnaniambia hata hivyo Land Rover ni shida, weka injini ya Toyota, spea zake ziko kila kona, dizeli haili sana. Kwa mengi mko sawa. Nimeona 109 zenye injini za Kijapani zinafanya kazi safi, na kama injini imekufa kabisa sitakuzuia. Lakini angalia hii ya shosho. Injini haikuwa na shida. Tungeng'oa injini nzima, tuweke yenye nguvu zaidi, halafu tupeleke hiyo nguvu yote kwa difu mbili zisizoelewana. Ingevunjika mvua ya kwanza, haraka kuliko zamani, na safari hii mngesema injini ya Toyota haifai. Kwanza jua ulicho nacho. Baada ya hapo ukitaka kuswapi, swapi, utakuwa unachagua na siyo kukisia.

Kuna wanaojua kwamba nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla sijaacha chuo, na mara kwa mara mtu ananirushia hiyo. Nitasema hivi. Reshio ya difu nilifundishwa. Nilichora kraunwili na pinioni kwenye karatasi ya mtihani na nikapata maksi nzuri. Katika miaka hiyo miwili hakuna siku hata moja tuliambiwa tulale chini ya gari tuzungushe tairi. Lakini pia mtu asitoke hapa akisema nimemwambia shule haina maana. Mzee aliposema "nne nukta saba" nilielewa kwa sekunde moja kwa sababu ya hiyo hesabu ya ubaoni. Beshte yangu, ambaye hakuisoma, ilibidi tumchoree kwenye vumbi. Kinachoniuma ni kwamba yule mzee hana cheti, aliyenifundisha hesabu hakuwahi kunionyesha difu, na hao wawili hawatawahi kukutana.

Kuna vitu vingine vya kuangalia ukiwa hapo chini, kwa sababu najua mtaniuliza. Ekseli ya nyuma ya 109 Series III kwa kawaida ni Salisbury. Utaijua kwa kile kifuniko cha mviringo upande wa nyuma, chenye boliti 10 kuzunguka, kama sahani. Ni ngumu sana, ni ndugu wa Dana 60 ambayo Wamarekani wanaisifu kwenye pikapu zao kubwa. Ya mbele haina hiyo sahani. Difu yake inatolewa kwa upande wa propela. Hafu shafti za Salisbury zina mikato 24, kwa hivyo ukiuziwa yenye mikato 10 uweke nyuma, rudisha kabla hujafika kwenye stendi ya matatu. Giaboksi ya Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Ile ya Series II na IIA inayo kwenye ya tatu na ya nne tu. Kama ya kwanza na ya pili zinalia ukiingiza, aidha sinkro zimeisha au mtu alikuwekea giaboksi ya zamani, na hayo ni mambo mawili tofauti, na bei mbili tofauti. Namba ya giaboksi ina herufi mwishoni, A, B, C au D. Hiyo herufi usiichukulie poa, spea za ndani zilibadilika kulingana nayo. Namba ya chesisi itafute kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, kwangua pole pole na brashi ya waya, usipige nyundo. Piga picha kila kitu. Simu tunazo.

Na msidharau gia ndogo. Kwenye hii gari, gia ya kwanza ikiwa kwenye wenzo mwekundu inazungusha injini zaidi ya mara 40 kwa kila raundi moja ya tairi. Ndiyo maana kagari ka injini ya lita 2.25 kanaweza kutoa tani ya viazi kwenye shimo la tope bila kelele. Lakini hiyo nguvu yote inapita kwa meno, na meno lazima yakubaliane.

Tumezunguka siku tatu tukitafuta difu ya 4.7. Madukani mawili ya kwanza tuliambiwa kile kile: inaingia, boss. Tulipoomba kuizungusha pinioni kwanza tuhesabu, mmoja alituuliza kama tumekuja kununua au kucheza. Wa tatu, mama mmoja, hakuuliza kitu. Alivuta difu kutoka chini ya meza, akaipangusa na kitambaa, akahesabu mwenyewe kwa kucha, jino kwa jino, hadi 47. Ilipanda matatu ya Njabini Jumamosi ikiwa ndani ya gunia, na kondakta akailipisha nauli ya mtu mzima.

Imeshafungwa. Tumehesabu tena kwa chaki, mbele na nyuma, na zinaelewana. Transfa bado inalia, na hiyo lazima ishuke chini ifunguliwe kabla ya Machi. Mzee amesema atakuja, lakini chai iwe na mkate.